Nani Anunue Umeme wa Kwanza wa Mwezi? Kisa cha mita moja na kodi ya jengo, Ilomba, Mbeya

Nyumba yenyewe ipo Ilomba, jijini Mbeya, mwendo mfupi wa miguu kutoka barabara kuu iendayo Tunduma. Ina vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, na mita moja tu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mita imesajiliwa kwa jina la mama mwenye nyumba, ambaye haishi hapo. Yeye yuko Tukuyu na migomba yake, mjini huonekana kila baada ya miezi sita akija kuchukua pango. Wapangaji wote ni vijana: fundi simu ambaye pia ni wakala wa fedha za simu, dada wa saluni, wanafunzi wawili wa chuo wanaochangia chumba kimoja, mwalimu wa ajira mpya, muuza mitumba wa Mwanjelwa, na kijana wa bodaboda ambaye harudi kabla ya saa tano usiku. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili wasitambulike.

Watu wakizungumzia vijana na kodi hukimbilia mambo mazito: bajeti kuu, deni la taifa, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mimi naona mtazamo wa kijana kuhusu fedha za umma hujengwa mahali padogo zaidi, pale hela yake inapopungua bila mtu kumwambia kwa nini. Kwa mpangaji wa mjini, mahali hapo mara nyingi ni kwenye mita ya umeme.

Utaratibu wa nyumba ulikuwa wa zamu. Umeme ukiisha, chumba chenye zamu kinanunua wa 5,000, kinaingiza tokeni, kinatuma picha ya meseji kwenye grupu la WhatsApp la nyumba kama ushahidi, na zamu inahamia chumba kinachofuata. Dada wa saluni ana friji, kwa hiyo zamu zake ni mbili. Hilo lilishazoeleka na halina ugomvi. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, umeme wa 5,000 ni uniti 14. Kwa nyumba kama hiyo ni siku mbili. Ikifika Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwalazimisha watu kutumbukiza hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga, hata siku mbili hazifiki.

Sasa tazama kinachotokea mwezi unapobadilika. Tarehe 30 au 31 unakuta watu wananunua umeme wakati uniti bado zipo. Mwenye zamu hasubiri iishe. Anawahi, anatuma picha, amemaliza. Halafu zinaingia tarehe za mwanzo wa mwezi, uniti zinakwisha, nyumba inaingia gizani, na ghafla hakuna mwenye hela. Fundi simu ana wateja ambao hawajamlipa. Muuza mitumba amefungua robota baya. Wa bodaboda simu yake anaichaji kijiweni, akirudi ni kulala, giza halimsumbui. Mwalimu anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu na kunyamaza. Wanaoshindwa kuvumilia ni wale wanafunzi, hasa wakiwa na tesiti, maana laptop haiendi kwa tochi. Basi wananunua wao, hata kama zamu si yao.

Na umeme wao unakuja pungufu. Badala ya uniti 14, zinaingia 9.8.

Hiyo ni kodi ya jengo. Katika bajeti iliyosomwa bungeni tarehe 10 Juni 2021 na aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, serikali iliamua kodi hiyo ikusanywe kupitia ununuzi wa umeme. Makato yalianza tarehe 20 Agosti 2021: nyumba ya kawaida 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, ghorofa 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu. Julai 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Mfumo unakata mara moja kwa mwezi, kwenye ununuzi wa kwanza. Ukipita mwezi bila kununua, deni linakusubiri. Anayenunua wa pili, wa tatu na wa kumi katika mwezi huohuo hakatwi chochote cha jengo.

Piga hesabu ndogo uone ukali wake. Mwanafunzi aliyebakiwa na 2,000 siku hiyo ya kwanza anakatwa 1,500 ya jengo. Zinabaki 500, nazo zinapita kwenye VAT asilimia 18, makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kinachoingia kwenye mita ni uniti 1.4. Jirani yake akinunua wa 2,000 hiyohiyo kesho yake anapata 5.6.

Wenyewe walikuwa na usemi wao juu ya hali hiyo: mwenye haraka ndiye anayekatwa. Sijui kama waliokaa ofisini kupanga mfumo huu waliwahi kuufikiria upande huo, lakini vijana wa Ilomba waligundua kwa giza jambo ambalo wanauchumi wanalifundisha kwa michoro miwili mitatu ubaoni: mzigo wa kodi haukai kwa yule ambaye sheria imemtaja, unateleza mpaka kwa yule asiyeweza kukwepa wala kusubiri. Sheria imemtaja mwenye nyumba. Mfumo umemkata mwenye mita. Mita ikawakata wapangaji. Na kati ya wapangaji, akakatwa mwenye mtihani.

Hapa inafaa kusema kidogo juu ya nadharia, kisha tuendelee. Tangu mwaka 2008 Richard Thaler na Cass Sunstein walipoeneza wazo la msukumo mwepesi, serikali nyingi zimependa kulitumia: usimlazimishe mtu, panga tu mazingira ili jambo unalolitaka liwe ndilo jepesi kwake. Thaler alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2017. Sharti lao la msingi ni kwamba anayesukumwa abaki na uhuru wa kukataa bila gharama kubwa. Kwa kipimo hicho, kodi ya jengo yenyewe si msukumo, ni sheria, na huwezi kuikataa ukabaki na taa. Msukumo uko kwenye ufungaji wake. Hela ya mwaka imekatwakatwa vipande kumi na viwili visivyouma sana. Imewekwa kwenye kitu ambacho huwezi kusema utanunua mwezi ujao. Imeondolewa foleni, ankara na safari ya kwenda ofisini. Hakuna anayehitaji kukumbuka kulipa, hakuna anayeweza kusahau.

Ukiwa mkusanyaji, utaupenda mfumo huo. Amy Finkelstein alichunguza ushuru wa barabara Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2009: pale madereva walipoacha kulipa kwa mkono na kuanza kukatwa kwa mtambo, viwango vya ushuru vilifika asilimia 20 hadi 40 juu ya pale ambapo vingekuwa. Madereva hawakuuona, kwa hiyo wapandishaji hawakuogopa. Mwaka huohuo Raj Chetty na wenzake wawili walionyesha upande wa pili. Marekani bei ya rafuni haina kodi, kodi unaikuta kwa keshia. Walipobandika kwenye duka moja vibandiko vyenye bei pamoja na kodi, mauzo ya bidhaa hizo yalishuka kwa karibu asilimia 8. Kodi haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni kuonekana kwake. Ukikumbuka kwamba yetu ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 ndani ya miaka miwili, yaani nusu nzima, na kijiweni haikuzungumzwa hata wiki moja, utamwelewa Finkelstein bila kumsoma.

Nirudi Ilomba. Jioni moja niliwauliza ile 1,500 ni ya nini. Niliuliza kila mmoja kivyake, maana ukiuliza kwa pamoja anajibu msemaji mmoja na wengine wanatikisa kichwa. Dada wa saluni alisema ni Tanesco wanadai deni la mpangaji wa zamani. Muuza mitumba alisema ni "service charge", kwa Kiingereza hivyohivyo; ile ilifutwa zamani, lakini jina limebaki midomoni. Wa bodaboda alisema ni tozo. Mwanafunzi mmoja alijua ni kodi ya jengo lakini aliamini inakwenda Tanesco. Fundi simu alijua vizuri kabisa, kwa sababu wateja wanamuuliza kibandani kila mwanzo wa mwezi, ila hakuwahi kujiuliza kwa nini analipa yeye badala ya mwenye jengo. Mwalimu ndiye pekee aliyesema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la wazi, kwamba hiyo ni ya mama.

Mwalimu ana sababu ya kuwa na jicho hilo. Yeye anasoma hati ya mshahara. Kila mwezi anaona kodi ya mapato, mfuko wa pensheni, bima ya afya, na asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kila kimoja na jina lake. Anaweza kukueleza kwamba kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016, na kwamba ile nyongeza ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo aliifuta Rais Samia Suluhu Hassan, akatangaza Mei Mosi 2021 kule Mwanza. Makato hayapendi. Lakini anayajua kwa majina, na ukikosea jina anakusahihisha.

Wengine sita wanakatwa pia, kila siku, kwenye vocha, kwenye soda, kwenye petroli. Ila hakuna karatasi inayowaambia. Ukimwuliza wa bodaboda kama yeye ni mlipakodi, atacheka: "Mimi? Walipakodi ni wale wa mjini, wenye maduka." Hapo amekaa juu ya pikipiki yenye tangi la mafuta ambayo kila lita yake imekatwa.

Kuna kodi moja ambayo vijana hawa waliijua vizuri mno, nayo ilitoka kwenye bajeti ileile ya Juni 2021. Tarehe 15 Julai 2021, mwezi mmoja na siku chache kabla ya LUKU, ilianza tozo ya miamala ya simu: kutoka 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Tofauti ni meseji. Kila muamala ulirudi na mstari wake kwenye simu: makato ya kampuni kiasi hiki, tozo ya serikali kiasi hiki. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa inakata ushuru wa bidhaa na VAT ndani ya makato ya kampuni za simu, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu vilikuwa vimefichwa ndani ya bei. Tozo ilisimama peke yake, imevaa jina la serikali.

Fundi simu anakumbuka wiki zile kibandani kwake. Watu waliokuwa wanatuma hela Mbozi na Rungwe walirudi kumpa kondakta wa basi bahasha. Waliozoea kutoa mara tatu kwa wiki walitoa mara moja. Wengine wakajifunza kulipia kwa lipa namba halafu wapewe noti, ujanja ambao mpaka leo haujafa. Miamala ilishuka nchi nzima, na siasa ikafuata: Rais akaagiza suala litazamwe upya, na Septemba 2021 kiwango kikapunguzwa kwa asilimia 30, kilele kikawa 7,000. Julai 2022 kilele kikashushwa hadi 4,000. Oktoba 2022 zikaondolewa baadhi ya tozo zilizokuwa zimepelekwa mpaka benki. Julai 2023 ya kutuma hela kwa simu ikafutwa, ya kutoa ikabaki.

Kwa hiyo miezi ileile ya 2021 ilizaa makato mawili mapya ya kidijitali. Moja ilionekana, ikapigiwa kelele, ikapunguzwa mara kwa mara. Nyingine ikajificha kwenye tokeni, ikaongezwa. Mtu wa hazina akiangalia matokeo haya atajifunza somo moja tu: ficha. Mimi napinga somo hilo, na sababu yangu ni kitu nilichokisikia mwenyewe Ilomba.

Ukiwauliza vijana hawa tozo ilifanya nini, wana majibu. Ya kukasirika mengine, lakini ni majibu. Wanasema ilijenga vituo vya afya; wamesikia ikitangazwa hivyo, wameona vibao. Wanasema ilijenga madarasa, na hapo wanachanganya na yale madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa wakati wa UVIKO, lakini angalau wanachanganya kodi na darasa. Wa bodaboda anadai ndiyo inayojenga barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na hapo anakosea, ila anapokutana na mashimo na vumbi la ujenzi ule anajisikia ana haki ya kuuliza. Muuza mitumba anasema bajeti ya 2021 ndiyo ya kwanza maishani mwake kuisikiliza. Kelele zile zilikuwa darasa la fedha za umma ambalo hakuna wizara ingeweza kulilipia. Kuhusu kodi ya jengo hawana lolote, si hasira wala swali. Ni uniti zinazopotea.

Muuza mitumba ana kumbukumbu nyingine, ya kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 wakavigawe kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa 20,000. Kodi nyepesi, kama unataka kuiita kodi. Lakini ulikivaa shingoni. Mgambo akija, unakinyanyua. "Nilikuwa najiona na mimi nipo," aliniambia. Kilikuwa na kasoro nyingi, vya awali havikuwa hata na picha ya mwenye nacho, na wapo waliolazimishwa kununua. Hata hivyo ndiyo malipo pekee kwa serikali ambayo nimewahi kumsikia kijana wa Mwanjelwa akiyasimulia kwa fahari.

Suluhisho la nyumba lilitoka kwa fundi simu, na lilikuwa rahisi. 1,500 ugawe kwa vyumba sita ni 250. Tarehe 1 kila chumba kinatuma 250 kwenye namba yake, ananunua yeye umeme wa 1,500 na ya juu kidogo ya kuondoa ile kodi, halafu zamu za kawaida zinaendelea kama vile mwezi hauna mwanzo. Ili asimfuate mtu mlangoni, aliipachika juu ya hela ya taka. Hela ya taka ilikuwa tayari inakusanywa mwanzo wa mwezi, na hakuna aliyewahi kuibishia, kwa sababu vijana wa toroli wanakuja, wanapakia, unaona uchafu unaondoka. Wasipokuja, hela haitoki. Uwajibikaji hauhitaji semina.

Wanafunzi walijaribu kidogo kubishana kwamba wao ni wawili kwa hiyo walipe 125 kila mmoja, wakaambiwa chumba ni chumba. Mwezi wa kwanza ukapita na taa zikiwaka.

Lakini kikatokea kitu ambacho fundi simu hakukipanga. Wa bodaboda, ambaye kwa miezi yote hakuwahi kulalamikia uniti zilizopotea, alipoombwa 250 mkononi aligoma. "Mia mbili hamsini si hela, nakupa hata mia tano. Niambie tu ni ya nini." Mkato wa kwenye mita haukumuuliza chochote, kwa hiyo naye hakuuliza. Mchango ulipitia mkononi mwake, na hapo ndipo alipotaka maelezo. Wakaanza kuvutana kwenye grupu: ni ya nani, inakwenda wapi, kwa nini sisi. Mwalimu akarudia kauli yake kwamba ni ya mama. Safari hii wakamsikiliza, wakampa kazi ya kupiga simu Tukuyu.

Simu waliisikiliza wote, spika ikiwa juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, ndaga. Nyumba salama?"

"Salama mama. Tulikuwa tunauliza kuhusu kodi ya jengo."

"Kodi ya jengo? Hiyo mimi nilikuwa nalipa, risiti ninazo humu kwenye mkoba. Elfu kumi kila mwaka. Siku hizi hawaji tena, wametuonea huruma."

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika kisa hiki. Mwenye jengo, mwenye risiti za miaka ile ya kiwango cha 10,000, mtu aliyekuwa anajua kabisa kwamba anadaiwa na anakwenda kulipa, sasa anaamini kodi imefutwa. Wanaoilipa hawajui kwamba wanailipa. Hela inaingia serikalini kwa uhakika kuliko wakati mwingine wowote, na nyumba nzima, kuanzia mmiliki hadi mpangaji, haina mlipakodi hata mmoja anayejitambua.

Mwalimu akamweleza taratibu. Mama hakuamini, akasema atamuuliza mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Baada ya siku chache akapiga mwenyewe, mkali kidogo: "Nyie watoto mmenipigia hesabu." Lakini alikubali. Kwa miezi sita ni 9,000, kila chumba kipunguziwe 1,500 kwenye pango lijalo. Sijui wapangaji wangapi Mbeya wamewahi kurudishiwa hela hiyo. Nadhani ni wachache mno, maana kwanza ujue ni ya nani, halafu uwe na ujasiri wa kumpigia mtu ambaye anaweza kukwambia uhame.

Ushindi wao ulidumu muhula mmoja. Pango la chumba lilikuwa 40,000 kwa mwezi. Mkataba ulipokwisha likawa 42,000. Mama alisema ni bei ya saruji, anataka kujenga karo jipya, na inawezekana ni kweli. Kwa vyovyote, waliorudishiwa 1,500 kwa miezi sita sasa wanatoa 12,000 zaidi kwa miezi hiyohiyo. Mwanafunzi mmoja, anayesoma uhasibu, alicheka mpaka akakaa chini.

Nilidhani hapo watakata tamaa na kurudi kwenye giza lao la tarehe 1. Haikuwa hivyo. Wa bodaboda na muuza mitumba walikwenda mkutano wa mtaa, jambo ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulifanya isipokuwa siku za kugawa kitu. Mwenyekiti alisoma mapato na matumizi: ulinzi, taka, mchango wa kitu fulani cha shule. Wa bodaboda akanyoosha mkono akauliza kodi ya jengo ya nyumba za mtaa huu ni kiasi gani kwa mwaka na imerudi kwa sura gani. Mwenyekiti, mtu mzima mwungwana, alijibu ukweli: hiyo haipiti kwake, inakwenda serikalini moja kwa moja kupitia Tanesco, yeye hana karatasi yoyote. Akamwambia amuulize diwani.

Jibu hilo halikumridhisha kijana, na mimi pia halikuniridhisha, ingawa mwenyekiti hana kosa. Kodi ya jengo kwa asili yake ni kodi ya jirani. Unalipa kwa sababu jengo lako lina thamani, na lina thamani kwa sababu ya barabara ya mtaa, mfereji wa maji ya mvua, taa ya njiani. Kwa muda mrefu ilikusanywa na halmashauri, mpaka TRA, mamlaka ya mapato, ilipoichukua mwaka 2016. Sasa mtaa hauna hata namba ya kusoma kwenye mkutano.

Mtu anaweza kusema haya yote ni ya 1,500 tu. Ndiyo, ni 1,500, lakini kwa kijana wa miaka 22 ndiyo kodi ya kwanza ya moja kwa moja maishani mwake, na inamfikia kama uniti zilizoibwa. Ningekuwa na uwezo, nisingegusa kiwango wala njia ya kukata. Njia ni nzuri, inaokoa foleni na inazuia rushwa ya mkusanyaji wa mkono kwa mkono. Ningegusa meseji. Ningeiandika waziwazi kwamba 1,500 hii ni kodi ya jengo ya mwezi fulani, kwamba anayedaiwa ni mwenye nyumba na mpangaji ana haki ya kuidai kwake, na ningetaja halmashauri ambayo jengo limo. Meseji hiyohiyo ningeituma pia kwa mwenye jengo, hata akiwa Tukuyu. Na mara moja kwa mwaka ningempelekea mwenyekiti wa mtaa namba moja, jumla ya kodi ya majengo ya mtaa wake, aisome mkutanoni.

Najua jibu la mtu wa hazina: ukiionyesha, wataipigia kelele kama tozo. Watapiga, ndiyo. Tozo ilipigiwa kelele, na vijana walewale waliopiga kelele ndio wanaoweza leo kukwambia ilijenga nini.

Pale nyumbani dada wa saluni alihama mwaka uliofuata, akaja mpangaji mwingine, kijana wa duka la vipuri. Siku aliyohamia wanafunzi walimpa utaratibu wa nyumba: bafu linaoshwa kwa zamu, geti linafungwa saa sita, hela ya taka tarehe 1, pamoja na 250 ya kodi ya jengo, ambayo ni ya mama lakini tunaitanguliza sisi na tunaidai kwenye pango. Akauliza kama diwani ameshajibu. Wakamwambia bado.